Uliza Mwalimu wa Michezo: Nani aandikwe ukutani?

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Skuli yetu ya sekondari hapa Wete, Pemba, inataka kuandika ukutani majina ya wachezaji wake bora tangu zamani. Baadhi ya walimu wanasema aandikwe aliyefika Simba, Yanga au Azam tu. Wengine wanasema tukifanya hivyo ukuta utabaki mtupu. Tufuate kipimo gani?
Mwanafunzi, kidato cha nne

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Kipimo cha Simba na Yanga mimi sikikubali.

Waliozichezea klabu hizo wakitokea visiwani heshima yao haina ubishi. Nadir Haroub "Cannavaro" aliondoka Unguja akawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Feisal Salum "Fei Toto" alitokea JKU, Ibrahim Hamad "Bacca" alitokea KMKM, klabu zetu za Zanzibar. Mtoto wa kidato cha kwanza akiyasikia majina hayo anajua njia ipo. Lakini kipimo hicho kinapima nani alionwa, na kijana wa Pemba kuonwa ni shida. Wanaosaka vipaji wengi huishia uwanja wa Amaan, Unguja, hawavuki bahari kuja uwanja wa Gombani, huku Pemba. Sisi Zanzibar si wanachama wa FIFA, shirikisho la soka la dunia. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea Machi 2017, ikatutoa Julai mwaka uleule. Hata mashujaa wetu waliobeba Kombe la Challenge, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda mwaka 1995, vijana wangapi wa leo watakutajia watatu? Wa skuli yenu wenyewe nani atawakumbuka, kama si nyinyi?

Nimewahi kufundisha kiungo wa mguu wa kushoto, kona zake zikizama nguzo ya pili kila mara. Msimu wa karafuu alikuwa juu ya mikarafuu na babake tangu alfajiri, jioni anashuka, anavaa jezi, anacheza dakika zote. Hata Unguja hakuwahi kwenda kucheza. Fundi kama yule sijamwona tena.

Kwa hiyo ulizeni: alifanya nini akiwa na jezi ya skuli? Mechi gani aliibeba, kwenye Tamasha la Elimu Bila Malipo au UMISSETA, michezo ya skuli za sekondari Tanzania? Alikofika baadaye kuandikwe chini ya jina, kwa herufi ndogo.

Nendeni mabarazani baada ya laasiri, na daftari mkononi. Msiulize "nani alikuwa bora", kila mtu atakutajieni ndugu yake. Watafuteni mabeki wa zamani wa skuli jirani, waulizeni walikuwa wakimhofu nani. Jina likitajwa na wapinzani wa skuli tatu, liandikeni bila kura. Andikeni na lakabu, maana wengine hakuna anayewajua kwa jina la daftari la mahudhurio. Makipa huwa wanasahauliwa, waulizieni kwa makusudi. Na mabinti waliocheza, msiwaache.

Anzeni na wazee waliopindukia miaka sabini, wiki hii hii. Rangi ya ukuta inaweza kusubiri.