Kunyata katika ngome ya adui: maswali yenu kuhusu gemu za makomandoo

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu gemu za aina moja. Unaongoza kikosi cha watu wachache wakati wa vita, unawatazama kutoka juu, na kazi yako ni kuwaingiza kwenye kambi iliyojaa askari na kuwatoa salama bila king'ora kulia. Commandos ndiyo iliyoupa umaarufu mtindo huu mwaka 1998, kazi ya studio ya Pyro ya Madrid, na siku hizi gemu za ukoo huo zinachezwa kwenye PlayStation, Xbox na hata Switch. Ni gemu ninazozipenda kuliko zote, kwa hiyo mtaniwia radhi majibu yakirefuka.

Nimepata Commandos: Origins. Kila misheni, hata dakika mbili hazipiti, king'ora kinalia na kikosi chote kinakwisha. Nakosea wapi?

Nadhani unaanza kutembea mapema mno. Misheni ikifunguka, waache watu wako walipo. Zungusha kamera, pita juu ya kambi yote, kisha chagua askari mmoja umfuate kwa macho mpaka amalize mzunguko wake. Anatoka wapi? Anageukia wapi? Anasimama na nani, na ni wakati gani anaelekeza uso ukutani? Halafu mfuate mwingine. Doria za gemu hizi hazibahatishi, zinarudia njia ileile mpaka wewe mwenyewe uzivuruge. Ukishazijua, unajua una sekunde ngapi za kutoka kichakani hadi nyuma ya ghala.

Kisha uliza swali ambalo kwangu ndilo roho ya mchezo wote: nani anamwona nani? Wanaoanza humshambulia askari aliye karibu. Lakini wa kwanza kuondolewa anapaswa kuwa yule asiyetazamwa na mwenzake yeyote, hata kama yuko mbali. Kambi imefumwa kama sweta, na sweta halifumuliwi kwa kuvutwa katikati. Tafuta uzi wa pembeni. Ukimwondoa huyo wa pembeni, kuna mwenzake aliyekuwa akilindwa na macho yake, naye sasa amebaki peke yake. Endelea hivyo, na mahali palipoonekana hapapenyeki panafunguka polepole.

Jifunze pia kusoma lile eneo la macho ya askari linalochorwa ardhini mbele yake. Katika gemu nyingi za ukoo huu lina sehemu mbili. Sehemu ya karibu naye ni ya hatari wakati wote, hata ukitambaa atakuona. Sehemu ya mbali anakuona ukiwa umesimama tu, ukiinama unapita. Wachezaji wengi huacha njia nzuri kwa sababu wameona rangi ya macho ya askari imefika pale na hawakuangalia ni sehemu ipi. Mwisho, bastola iache mfukoni. Kisu hakisikiki, ila risasi moja huwaita askari ambao hata hukujua wapo.

Nilizoea kucheza kwa kompyuta na mausi. Kwenye konsoli vidole vinanichanganya, nahisi niko mzito. Je, gemu hizi kweli zinafaa kwa pedi ya konsoli, yaani kile kidhibiti cha mkononi?

Zinafaa, ila usitafute mausi ndani ya pedi. Commandos ya kwanza ilitengenezwa kwa mausi na kibodi, na vitufe vyake ni vingi mno. Gemu za karibuni zimefikiriwa upya kwa ajili ya pedi. Kijiti cha kushoto kinamtembeza mtu wako moja kwa moja, cha kulia kinazungusha kamera. Kwa mausi unaonyesha mahali na kumwachia mtu wako atafute njia, naye wakati mwingine hupita palepale usipotaka. Kwa kijiti unanyata nyuma ya mlinzi hatua kwa hatua, akipunguza mwendo nawe unapunguza. Kwa jambo hilo moja naona pedi ni bora kuliko mausi.

Pedi inaposumbua ni pale unapotaka watu watatu wafanye mambo matatu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo watengenezaji walipotumia akili. Katika Shadow Tactics, gemu nyingine ya ukoo huu, unampa kila mtu kitendo kimoja cha kusubiri, kisha unabonyeza kitufe kimoja na wote wanatenda pamoja. Katika Desperados III, nayo ya ukoo huohuo, muda unasimama kabisa ukipanga, isipokuwa kwenye ngazi ngumu kuliko zote. Commandos: Origins nayo ina namna hiyo ya kusimamisha muda na kupanga. Nashangaa wachezaji wangapi wanamaliza nusu ya gemu bila kuigusa.

Fanya zoezi hili: tafuta walinzi wawili wanaotazamana, wale ambao ukimgusa mmoja wa pili anapiga kelele. Mweke mtu mmoja nyuma ya kila mlinzi, panga vitendo viwili, achia. Wote wawili wakianguka kwa pamoja pasipo sauti, uzito unaousema utausahau.

Kuhifadhi mchezo kila baada ya hatua mbili si udanganyifu? Rafiki yangu ananicheka.

Si udanganyifu. Shadow Tactics yenyewe inakuwekea saa kwenye kioo ikikuonyesha muda uliopita tangu ulipohifadhi, na ukikawia inabadilika rangi ili ukumbuke. Waliotengeneza gemu walijua utajaribu, utashindwa, utarudi, utajaribu kwa njia nyingine. Ndivyo unavyogundua kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi muda wote.

Hifadhi kabla ya kujaribu jambo, na hifadhi tena likishafanikiwa. Katikati usihifadhi kamwe, hasa kama kuna askari ameanza kushtuka, maana utajifungia ndani ya kosa ambalo halina njia ya kutoka. Na usitegemee nafasi moja tu. Weka nyingine ya zamani kidogo, ya wakati kambi ilipokuwa imetulia.

Kama rafiki yako anacheza bila kuhifadhi na anafurahi, ni vyema. Wewe endelea na yako.

Maiti nizifiche zote?

Zilizo kwenye njia ya doria au ndani ya macho ya mtu, ndiyo, tena haraka. Aliyeanguka nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepita, mwache. Kumbeba mtu kunakufanya uwe mzito na unaonekana kwa urahisi, na nimeona misheni nyingi zikiharibika wakati wa kubeba kuliko wakati wa kushambulia.

Baba anasema hizi ni ndoto tu, kwamba hakuna watu tisa au kumi waliowahi kuingia kwenye ngome ya Wajerumani na kutoka. Nimjibuje?

Mjibu kwa heshima, na mwambie kuhusu Vemork.

Lakini tuanze nyuma kidogo. Makomandoo wa Uingereza waliundwa mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baada ya jeshi la nchi hiyo kuondolewa Dunkirk, Ufaransa. Waziri Mkuu Churchill alitaka Wajerumani wasilale kwa amani kwenye pwani walizoziteka, na afisa aitwaye Dudley Clarke akatoa wazo la vikosi vidogo vya kuvamia na kuondoka. Machi 1941 walivamia visiwa vya Lofoten, Norwei. Machi 1942 walivamia bandari ya St Nazaire, Ufaransa: meli ya zamani, HMS Campbeltown, iligongeshwa kwenye lango la gati kubwa ikiwa imebeba mabomu tumboni, nayo ikalipuka baadaye siku hiyohiyo. Gati halikutumika tena mpaka vita vikaisha. Uvamizi huo uligharimu maisha ya watu 169, na wengine zaidi ya 200 walitekwa.

Vemork ni tofauti, na ndiyo inayofanana zaidi na gemu zetu. Kilikuwa kiwanda huko Norwei kilichotengeneza maji mazito, ambayo Wajerumani waliyahitaji katika utafiti wao wa nyuklia. Novemba 1942 Waingereza walijaribu kupeleka askari kwa ndege zisizo na injini. Zilianguka, na walionusurika waliuawa na Wajerumani, kwa kuwa mwezi uliotangulia Hitler alikuwa ametoa amri kwamba komando akikamatwa auawe. Basi usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Februari 1943 wakaenda Wanorwei tisa waliofunzwa Uingereza. Kiongozi wao, Joachim Rønneberg, alikuwa na umri wa miaka 23.

Kiwanda kilikuwa ukingoni mwa bonde lenye kuta kali, na njia ya kawaida ya kukifikia ilikuwa daraja moja lenye walinzi. Wao hawakwenda darajani. Walishuka bondeni gizani, wakavuka mto uliokuwa umeganda, wakapanda ukuta wa upande wa pili. Baadhi yao waliingia kiwandani kwa kupenya kwenye njia ya nyaya. Ndani walimkuta mlinzi wa zamu, Mnorwei mwenzao, naye aliomba atafutiwe miwani yake kabla ya mlipuko. Wakamtafutia. Rønneberg alifupisha utambi kutoka dakika mbili hadi nusu dakika ili awe na hakika kwamba mabomu yamelipuka kabla hawajaondoka. Waliacha bunduki iliyotumiwa na jeshi la Uingereza pale ndani ili Wajerumani wajue ni kazi ya Waingereza na wasilipize kisasi kwa wanakijiji. Mitambo yote 18 iliharibika. Hakuna risasi hata moja iliyopigwa, na wote tisa waliondoka hai. Watano kati yao walikwenda kwa ski hadi Sweden, safari ya zaidi ya kilomita 300.

Nikicheza na kukuta daraja lenye walinzi, huwa natazama kwanza chini yake. Mara nyingi waliotengeneza ramani wameficha njia huko.

Ndugu mwandishi, mwanangu ana miaka 11 na ananiomba gemu hizi. Anasema ni za kutumia akili, si za kupigana. Nimruhusu?

Mama, anachosema ni kweli nusu. Akili inatumika sana, pengine kuliko katika gemu nyingi atakazozikuta. Lakini pia kuna visu, damu na miili inayoburutwa. Kabla ya kununua tazama alama ya umri: gemu za Ulaya hubeba alama za PEGI, yaani 3, 7, 12, 16 au 18, na za Marekani hubeba za ESRB. Usiridhike na neno "mbinu" kwenye kasha.

Maoni yangu ni kwamba miaka 11 ni mapema. Akikua kidogo, keti naye misheni ya kwanza. Katika Commandos 2 na Desperados III askari anaweza kuzimishwa na kufungwa kamba badala ya kuuawa, na mtoto anayecheza kwa njia hiyo analazimika kufikiri zaidi, kwa sababu aliyefungwa anaweza kupatikana na wenzake na kufunguliwa. Mweleze pia kwamba vita hivi vilikuwa vya kweli. Kisa cha Vemork hapo juu msomee hata leo, hakihitaji kusubiri umri wowote.

Je, naweza kucheza na mke wangu kwa pamoja?

Commandos: Origins inaruhusu wachezaji wawili, kwa intaneti au kwa kioo kimoja kilichogawanywa. Gawaneni makomandoo kabla misheni haijaanza, na mmoja wenu awe ndiye anayehesabu "moja, mbili, tatu", la sivyo kila mtu atashambulia kwa wakati wake.

Kati ya zote hizi, nianze na ipi? Sijawahi kucheza hata moja.

Shadow Tactics, bila kusita. Si ya Vita vya Pili vya Dunia, inatokea Japani ya mwaka 1615, lakini sijaona gemu inayofundisha vizuri zaidi. Ilitengenezwa na Mimimi ya Munich, ambayo baadaye ilitengeneza pia Desperados III. Studio hiyo ilitangaza kufunga mwaka 2023, na naona ni hasara kubwa kwa wote wanaopenda mtindo huu. Baada ya hapo nenda Commandos: Origins, iliyotoka Aprili 2025 na inayosimulia jinsi makomandoo walivyokutana. Commandos 2, ile ya 2001 iliyorekebishwa na kutolewa upya mwaka 2020, iache ya mwisho. Ramani zake bado ni nzuri mno, unaingia hadi ndani ya nyumba na manowari, lakini vidhibiti vyake ni vya zamani na vitakukatisha tamaa kama hujazoea.

Katika Shadow Tactics anza na ngazi ya kawaida. Misheni za mwanzo zina barabara yenye theluji, ambako nyayo zako zinabaki na askari akiziona anazifuata. Wengi huliona hilo kama tatizo. Wewe tembea kwa makusudi hadi nyuma ya kichaka, uzunguke, umsubiri pale nyayo zinapoishia. Ila angalia kofia: walinzi wanaovaa kofia pana za majani hawaachi lindo lao hata ukiwatupia jiwe, kwa hao itabidi utafute njia nyingine.