Bahari Mlangoni, Samaki Wafa Sebuleni

SWALI: Nina tangi la kioo la lita 120 hapa Shangani, Mtwara. Mwezi Februari nililijaza maji ya bahari niliyoyachota mwenyewe ufukweni, asubuhi iliyofuata mvua kubwa, maji yakiwa yamekupwa. Nikaweka mchanga, mawe machache na pampu ya hewa yenye chujio la sponji, na kesho yake nikatia vitatange wawili na kangaja watatu niliowanunua kwa wavuvi. Siku ya nne maji yalifanya ukungu, nikalisuuza sponji bombani mpaka likatakata. Maji yakarudi kuwa meupe pe, lakini samaki wakawa wanahema juu juu, na kufikia siku ya tisa walikuwa wamebaki wawili tu. Maji maangavu namna hii yanawezaje kuua samaki?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa hasara hiyo. Weupe wa maji hauwezi kukuambia lolote kuhusu sumu iliyomo, kwa sababu amonia, ambayo ndiyo ninayoishuku kwanza, haina rangi, na kwa kiwango kinachotosha kuua samaki huwezi hata kuinusa. Samaki huitoa kupitia mashavu yao usiku na mchana, nayo hutoka pia katika kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza. Baharini hupotelea katika wingi wa maji, ilhali ndani ya lita 120 haina pa kwenda.

Kinachoiondoa ni bakteria wa makundi mawili wanaojishikiza kwenye mawe, mchanga na sponji: kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao huhitaji kati ya wiki 4 na 6 ili wawe wengi wa kutosha, nawe ulitia samaki watano siku ya pili. Kisha, wale wachache waliokwisha kuanza kujijenga kwenye sponji uliwamaliza kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini inayowekwa ili kuua vijidudu vya maradhi haibagui kijidudu chenye faida. Kosa hilo nami nililifanya katika mwaka wangu wa kwanza, tena mara mbili, nikidhani usafi wa chujio ni sawa na usafi wa sufuria. Sponji hukamuliwa kidogo tu, ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe.

Maji ya chumvi yana ugumu mwingine ambao wafugaji wa samaki wa maji baridi hawaujui sana. Kiwango cha pH cha bahari, yaani kipimo cha asidi na alkali katika maji, ni kama 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali ile inayopenya mashavu ya samaki. Kwa joto la Mtwara wakati wa kaskazi, kiasi kidogo kinatosha kuleta msiba.

Kwa hao wawili waliobaki, badilisha leo theluthi hadi nusu ya maji kwa maji ya bahari yenye chumvi na joto sawa na yaliyomo, acha kuwalisha kwa siku mbili, na ongeza hewa. Tafuta vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati hata kama itabidi uagize Dar es Salaam. Amonia na nitriti zinapaswa kusoma sifuri, na nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Kila amonia au nitriti inapoonekana, badilisha maji tena. Ukimpata jirani mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, muombe kipande cha sponji lake au jiwe moja, kwani hiyo ni mbegu ya bakteria usiyoipata dukani.

Sasa turudi kwenye maji uliyoyachota. Maji yanapokupwa hushuka na tope la mikoko na uchafu wa mifereji, na baada ya mvua kubwa sehemu ya juu ya bahari karibu na pwani huwa imechanganyika na maji ya mvua, hivyo chumvi hupungua. Chota maji yakiwa yamejaa, siku kadhaa baada ya mvua, mbali na bandari na midomo ya mito. Bora zaidi, mkabidhi mvuvi wa ngalawa madumu yako ya plastiki ayajaze akiwa nje ya ghuba, ila yawe madumu ambayo hayajawahi kutiwa mafuta ya taa wala sabuni. Ukiyafikisha nyumbani, yachuje kwa kitambaa cheupe, yaache yatuame, na uyatumie mapema, au uyahifadhi gizani huku yakipigwa hewa. Iwapo mawe yako yalikuwa matumbawe hai kutoka eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, usirudie, kwa kuwa humo hakiokotwi kitu bila kibali.

Neno moja la pembeni: kangaja hukua kupita ukubwa wa tangi hilo, na vitatange wengi hula nyama ya matumbawe, wakakataa kila unachowapa. Hata maji yangekuwa safi, hao hawakuwa samaki wa kuanzia.

SWALI: Tangi langu ni la lita 120 pia. Kwa sababu ya joto nimeliwekea feni inayopuliza juu ya maji, na joto limeshuka kweli. Maji hupungua kama lita moja kila siku, nami huyajazia kwa maji ya bahari ili chumvi isipungue. Baada ya mwezi, samaki wamedorora na ukingo wa kioo umeganda chumvi.
Mama wawili, Lindi mjini

JIBU: Dada, feni haina kosa; kosa liko katika kujazia. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi hubaki tangini. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo kwa siku 28 umeongeza gramu 980, karibu kilo nzima, juu ya kilo 4.2 zilizokuwamo. Tangi lako sasa lina takriban gramu 43 kwa lita. Toa lita 4 na nusu kila siku na urudishe kiasi hichohicho cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa siku tano, usiharakishe, kwani samaki huumizwa na badiliko la ghafla kuliko chumvi yenyewe. Yakiwa ya bomba, yaache wazi kwenye ndoo kwa siku nzima, hewa ikipulizwa, ili klorini itoke. Halafu chora mstari kwenye kioo, na kila asubuhi ujazie maji baridi mpaka hapo. Maji ya bahari yabaki kwa kazi ya kubadilisha sehemu ya maji tu, kila wiki moja au mbili.

SWALI: Je, naweza kutengeneza maji ya tangi kwa chumvi ya majaruba ya hapa Lindi badala ya kwenda kuchota?
Kijana wa Lindi

JIBU: Hapana. Maji yanapokauka jarubani, chokaa na jasi hutangulia kuganda chini, kisha huganda chumvi ya kula, na magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachoingia gunini ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, ilhali bahari ina pia kama miligramu 1,300 za magnesiamu na 400 za kalsiamu katika kila lita. Chota tu, kijana. Umbali wako na bahari hauzidi safari ya baiskeli.