Pesa za Chama Zimeliwa: Pimeni Hiari Kabla ya Kulaumu

Chukua chama cha kuchangiana kwa zamu cha watu 12 pale Kayole, Nairobi, kila mmoja akichanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Siku ya kumkabidhi mwenye zamu 24,000 zake, mweka hazina anasema pesa hazipo. Mkutano unagawanyika papo hapo. Mmoja anasema ni mwizi, afukuzwe. Mwingine anamtetea: amelelewa kwa dhiki, kazi hana, marafiki zake wote wanabeti, angefanyaje? Hapo mmeshaingia kwenye mjadala wa kale wa wanafalsafa: ikiwa kila tendo lina sababu iliyolitangulia, na sababu hiyo nayo ina yake, lawama itasimama wapi?

Msingoje mjadala huo uishe. Kuuliza kama tendo lake lilikuwa na sababu hakutawafikisha popote, maana hata uaminifu una sababu zake. Ulizeni ni sababu gani, na kama ilipitia kwenye kufikiri kwake au ilimruka. Mwanafalsafa Mskoti David Hume alishika njia hii katika karne ya 18: kinachopingana na uhuru ni kulazimishwa, wala si kuwa na sababu. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliiona hoja hiyo kuwa hila duni. Mimi naiona ndiyo inayofaa zaidi watu wanapoketi kuamua jambo.

Anzeni na mambo mawili aliyoyataja Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuwa yanaondoa hiari: nguvu na kutojua. Je, alishikiwa kisu akatoa namba ya siri? Je, alitapeliwa kwa ujumbe bandia? Kutojua kuchunguzwe vizuri. Kama mlikubaliana ampigie mwenyekiti kabla ya kutuma pesa yoyote, naye hakupiga, huo ni uzembe. Lawama inapungua lakini haifutiki.

Kisha jaribuni swali hili: kama alizibetia pesa hizo, angezituma iwapo mwenyekiti angekuwa ameketi kando yake, macho kwenye simu? Kama asingetuma, basi bado alikuwa na uwezo wa kusikia sababu za kujizuia. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Mraibu anaweza kujizuia mchana kutwa akitazamwa, kisha ashindwe saa nane usiku akiwa peke yake.

Kwa hiyo fungueni taarifa yake ya M-Pesa pamoja naye, msome saa na kiasi. Malipo mamoja ya 24,000 kwa mwenye nyumba, saa nne asubuhi, yanaonyesha mtu aliyepanga. Miamala ya 200, 500, 1,000, kisha 3,000, mmoja baada ya mwingine hadi alfajiri, inaonyesha mtu anayekimbiza hasara na uwezo wake wa kuacha ukizidi kudhoofika. Hata huyu hatoki bila lawama. Lawama yake inarudi nyuma, kwenye siku aliyojijua hali yake na bado akakubali kushika pesa za wenzake.

Akisema "sikuwa na njia nyingine", msikubali wala kukataa haraka. Mwaka 1969 mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt alitoa hoja kwamba kukosa njia nyingine peke yake hakuondoi lawama, iwapo si huko kukosa kulikomsukuma mtu. Kama alishaamua kuzila Jumatatu, na habari ya mama yake kulazwa ikamfikia Alhamisi, bili ya hospitali haikuwa sababu ya tendo, hata kama pesa ziliishia huko.

Malezi na dhiki vina nafasi yake: baada ya kuamua kama ana kosa, mnapopima adhabu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisimama hapo tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, ilipotangaza kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba, kwa kuwa ilimnyima jaji nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa. Katika kumbukumbu za mkutano, andikeni maamuzi hayo mawili mbalimbali. Mkiyachanganya, wenye huruma watasema hana kosa kabisa, na wenye hasira watakataa hata kumsikiliza.

Bado kuna atakayesema yote yalikuwa yameandikwa, hakuna la kufanya. Hilo ni jambo jingine kabisa. Hata kama kila kitu kina sababu, makubaliano mnayoweka leo yatakuwa miongoni mwa sababu za atakachofanya mwezi ujao. Basi yaandikeni: alipe 4,000 kila mwezi kwa miezi sita, mbali na mchango wake, na asishike tena hazina, kwa sababu kilichomsukuma mara ya kwanza bado hakijaondoka. Pesa zihitaji idhini ya watu wawili. Naye mwenye zamu alipwe kwanza, kabla ya faini yoyote kuingia kwenye mfuko.