Filta za wazi kwenye SU na nguvu kupungua

Umefunga filta za hewa za wazi, zisizo na boksi, kwenye kabureta za SU, na nguvu ya gari imepungua. Kabla hujabadilisha kitu kingine, fungua hizo filta mpya utazame gasketi. Uso wa kabureta ya SU aina ya HS una matundu madogo ya kupumulia pistoni ya kabureta yenyewe, ile inayopanda na kushuka kufuata hewa. Gasketi ikiwekwa juu chini huyaziba, pistoni haipandi sawasawa, na injini inakaba ukikanyaga mafuta. Ni kosa la kawaida mno.

Matundu yakiwa wazi, shuku joto. Filta za wazi hunyonya hewa ya chini ya boneti, iliyokwisha kupashwa joto na rejeta na ekzosi. Kila nyuzi 3 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa kwa karibu asilimia 1. Zifunike filta kwa boksi la alumini, uvute hewa kwa bomba kutoka mbele ya rejeta. Ukifunga trampeti (bomba fupi la kuingizia hewa, lenye mdomo uliopanuka) ndani, acha angalau milimita 25 kati ya mdomo wake na filta, la sivyo umezifunga bure.

Halafu sindano ya kabureta, inayopima petroli. Hewa ikipita kwa wepesi zaidi, petroli haitoshi. Plagi zikitoka nyeupe baada ya kuvuta kwa nguvu, weka sindano nyembamba zaidi. Usichonge hedi (sehemu ya juu ya injini) kutafuta nguvu kabla ya hapo.