Kwa aliyeuliza kuhusu have, had na been: mimi nilifundishwa na mlima

Mdogo wangu umesema umeanza kubeba mizigo Kilimanjaro, stori za kawaida na wageni unapiga bila shida, where are you from na kadhalika, ila ukifika kwenye have, had na been kichwa kinazunguka, na unauliza kama ukikariri lile jedwali la go went gone inatosha kwenda kwenye usaili wa kuongoza wageni. Nitakujibu kirefu kidogo maana hili mimi limenigusa kazini. Nilikuwa mgumu, yani mbeba mizigo, kama wewe miaka minne ndo nikapanda kuwa msaidizi wa kiongozi wa wageni.

Msimu wangu wa kwanza wa usaidizi tulipita njia ya Machame. Ile siku mnapandisha mpaka Lava Tower, mita 4,600 hivi, alafu mnashuka kulala Barranco ambako haifiki hata 4,000, we unaijua, wageni wengi vichwa vinawauma kule juu na wakishashuka kambini vinaachia. Jioni nikapita hema la chakula kuulizia hali, mama mmoja Muingereza akaniambia "I've had a headache since Lava Tower". Masikio yangu yakashika had, headache, Lava Tower. Nikaelewa kichwa kilimuuma kule juu, yani yameshapita, nikamwambia "good, good, drink water" nikasogea kwa mgeni mwingine. Kumbe anachoniambia ni kwamba kichwa kimemuanza Lava Tower na mpaka muda huo amekaa pale na kikombe cha chai mkononi hakijaachia, na kichwa ambacho hakiachii hata baada ya kushuka ni habari nyingine kabisa. Asubuhi uji ulimshinda. Kiongozi wetu akakaa naye, akamuuliza taratibu "How long have you had it?", akahesabu masaa, ikaamuliwa ashushwe. Alishuka na akapata nafuu, namshukuru Mungu. Lakini ile taarifa niliipewa mimi tangu jioni, nikaenda kulala nayo bila kujua kama nimepewa.

Kwa hiyo shika hili kwanza kabla ya mengine yote: I had ni jambo lililoisha, I've had ni jambo ambalo bado unalo. Na hiyo have wageni wanaimeza, inabaki kama v ndogo tu ambayo kwenye upepo huisikii, hivo usitegee hiyo, tega neno linalokuja mwishoni, hasa since. Since Monday, ukisikia hiyo jua mambo bado yanaendelea, ila for two days peke yake haitoshi, maana I had it for two days ni jambo lililoisha. Na kama huna uhakika uliza, "And now? Do you still have it now?" Mimi siku hizi nauliza hata nikiwa nimeelewa vizuri.

Sasa kuhusu kujifunza, hutakiwi uanze na jedwali, anza na Kiswahili chako maana hali timilifu unayo tangu unajifunza kuongea. Umekula? Have you eaten? Sijala bado, I haven't eaten yet. Ushawahi kupanda mlima mwingine? Have you ever climbed another mountain? Zile -me-, -ja- na -wahi ndo have yenyewe hiyo.

Shida ni kwamba -me- yetu ni pana kuliko have yao na wengi tunaangukia hapo. Sisi tunasema nimefika jana na hakuna anayeshangaa, lakini Kiingereza ukishataja jana, juzi, mwaka 2019, yani ukishaupa muda jina lake, have inaondoka: I arrived yesterday. Alafu kuna -me- ambayo inaeleza hali mtu aliyonayo sasa hivi, nimechoka, nimeshiba, amelala, nimepotea, hizi kwao ni am na is, I'm tired, I'm full, he's asleep, I'm lost. Niliwahi kusikia mpishi anaulizwa mgeni fulani yuko wapi akajibu "he has slept", yule aliyeuliza akafikiri mwenzie ameshaamka, akaenda kumfungulia hema.

Nyingine ni "I am here since Monday", hiyo tunaitoa kwenye niko hapa tangu Jumatatu, kumbe wao wanasema I've been here since Monday. Na mgeni akikuuliza "How long are you here for?" anauliza utakaa mpaka lini, siyo umekaa muda gani, ya umekaa muda gani ni "How long have you been here?" Hizi mbili zitege kwa makini maana hata wewe ukisafiri siku moja uhamiaji watakuuliza.

Been na gone: she has gone to Zanzibar, ameenda na hajarudi. She has been to Zanzibar, alishafika na amerudi. Na hii ya kwenu wa mlimani, Muingereza akikwambia "I've been sick twice" mara nyingi anamaanisha ametapika mara mbili, siyo kwamba aliugua miaka ya nyuma, kwa hiyo usiipite.

Had ya masimulizi ni rahisi, ni ile lilikuwa limeshachomoza. Tulipofika Stella Point jua lilikuwa limeshachomoza, when we reached Stella Point the sun had already risen. Na tutakuwa tumefika ni we will have reached, by six tomorrow we will have reached Uhuru, ila hapo kumbuka saa kumi na mbili yetu ndo six yao.

Jedwali utalihitaji, sikatai, lakini chukua yale ya kazi yako kwanza: eaten, drunk, taken, slept, felt, vomited. Mimi niliandika maswali sita kwenye kikaratasi nikakiweka mfuko wa koti, have you eaten, have you drunk enough water, have you slept, have you taken any medicine, have you vomited, how long have you had it, na kila jioni nikawa nayauliza yote kwa kila mgeni, mpaka mwisho wa msimu ule kikaratasi kilishalowa na kuchanika na nilikuwa sikihitaji tena. Ukiwasikia Wamarekani wanasema "did you eat yet" usishtuke, na yenyewe ni sawa, wao ndo wanavyoongea.

Usaili wako ni lini? Kama bado una wiki mbili tatu andika hapa majibu ya hayo maswali sita kama vile wewe ndo mgeni unaumwa, nitayapitia.