Laki na nusu inaweza kukupunguzia miaka mitano ya deni

Dada, umesema mkopo wa nyumba ni milioni 60, miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani riba inahesabiwa kwa deni lililobaki tu, na unauliza kama kujibana ili ulipe zaidi kuna maana. Kuna maana kubwa sana. Rejesho lako ni kama 840,000 kwa mwezi, na katika rejesho la kwanza 750,000 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 90,000 tu! Ukiongeza 150,000 kila mwezi tangu mwanzo, unamaliza kwa miaka tisa na nusu hivi.

Itoke wapi? Kwangu ilitoka kwenye chakula cha mchana na nauli ya bodaboda. Nilibeba wali maharage kwenye hotpoti, nikaokoa 4,000 kwa siku. Kituoni nikaenda na kurudi kwa miguu, 3,000 nyingine. Kwa siku 22 za kazi ni 154,000.

Ila andikia benki barua kwamba ziada ipunguze deni la msingi (pesa uliyokopa, si riba), isihesabiwe kama rejesho la mwezi ujao, kisha omba taarifa ya mkopo uhakikishe. Angalia pia kama mkataba una tozo ya kulipa mapema. Na tafadhali, bima ya afya ya watoto usiiguse.