Mtoto alibaki na nani?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama hadithi za vijana ziandike waziwazi kuhusu mimba za wanafunzi na uamuzi wa msichana mwenyewe, au kama huko ni kuwafundisha watoto tabia mbaya. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa 19 sasa. Nasema ziandike. Ila ugomvi wangu na waandishi wetu hauko kwenye uwazi, uko kwenye haraka yao.

Vitabu vyembamba vya vijana vilivyo kwenye kabati la ofisi yetu nimevisoma vyote, na vingi vimekatwa kwa kitambaa kimoja. Sura ya tatu binti anapewa lifti ya bodaboda na chipsi kuku. Sura ya tano anatapika paredi. Sura ya saba baba anashika panga, mama analia, na ukifunua ukurasa unaofuata binti ama amefia kwa "daktari" wa uchochoroni, ama yuko stendi anauza karanga na kujuta. Chini kuna maswali: taja dhamira tatu. Wa kwanza kunyoosha mkono husema "tamaa", na wavulana wanacheka.

Kati ya sura ya tano na ya saba kuna wiki kadhaa ambazo hakuna aliyeziandika. Binti anahesabu siku zake kwenye kalenda ya duka la pembejeo iliyotundikwa sebuleni, anarudia kuhesabu, anajiambia ni malaria. Anadunduliza elfu moja ya kipimo. Akiipata, shida inakuwa duka la dawa: la karibu muuzaji anaimba kwaya na mama yake, la mbali nauli hana. Anapima chooni, mistari miwili, anakitumbukiza shimoni. Amwambie nani sasa? Shangazi? Rafiki wa dawati moja? Au yule kijana, ambaye tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 anasubiriwa na kifungo cha miaka 30? Kila atakayeambiwa atakuja na hesabu zake. Huku kwetu kuna wazee wanaomalizana kwa ng'ombe kabla polisi hawajasikia, na binti anayezungumziwa yuko jikoni anawapikia hao hao wazee. Mwandishi anayeruka jiko hilo kukimbilia panga la baba ameacha riwaya nyuma.

Neno "uamuzi" lenyewe linahitaji mwandishi anayejua sheria. Tanzania Kanuni ya Adhabu inampa miaka 7 mwanamke anayejitoa mimba na miaka 14 anayemtoa, isipokuwa pale ambapo ni kuokoa maisha yake. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 26, inakataza pia, lakini inafungua mlango mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Sasa fikiria Sirari na Isebania. Mji mmoja huku, mwingine kule, katikati geti la forodha, na ndugu wanavuka kila siku kununua sukari na kuhudhuria misiba. Binti wa upande huu na binamu yake wa upande ule, tumbo la miezi ile ile. Hiyo ni riwaya nzima imelala barabarani, na sijaona aliyeiokota.

Watu watanikumbusha Rosa Mistika. Kezilahabi aliitoa 1971, ikazuiwa shuleni, na ndani yake Rosa anatoa mimba na mwishowe anajiua. Naipenda riwaya hiyo na huwa naitetea, kwa sababu Kezilahabi hakumshitaki Rosa peke yake. Alimweka kizimbani Zakaria, baba mlevi aliyemlea binti kwa kiboko hadi asijue mwanamume ni mtu wa namna gani. Wengi waliomfuata walichukua kifo cha Rosa wakamwacha Zakaria aende zake.

Mzazi mmoja aliwahi kuniletea kitabu ofisini amekishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akasema, mwalimu, hivi ndivyo vinavyowaharibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wameshapata mimba. Hao hawakuambukizwa na riwaya. Shule yetu ina nakala nne za kitabu hicho, darasa lina watu 60 na zaidi. Nilimjibu kwa upole kuliko ninavyoandika hapa.

Na mimi si msafi. Kabla ya 2021 nilikuwa mmoja wa walimu wa kike waliopewa kazi ya kuwapanga wasichana foleni ya kupimwa mimba. Maabara, vitenge vimefungwa madirishani, muuguzi ndani, wanaingia mmoja mmoja. Binti mmoja wa kidato cha tatu alitoka kwenye mstari kufunga kamba ya kiatu. Akarudi nyuma ya foleni. Alipokaribia mlango akainama tena, kiatu kile kile. Nilijua, na yeye akajua nimejua. Nikamwambia, "Haya, ingia mwanangu." Kabla ya saa saba mchana alikuwa na barua mkononi. Kanuni za elimu za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na 2017 Rais Magufuli alikuwa ametamka hadharani kwamba aliyezaa harudi shule ya serikali. Nilijificha nyuma ya hayo. Mpaka leo nikisoma hadithi yenye "mwalimu mkali wa zamu" ambaye hana jina, naangalia pembeni.

Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliojifungua warudi shule. Hadithi nazo zikageuka upesi. Siku hizi binti anajifungua ukurasa wa 70, ukurasa wa 71 amepata daraja la kwanza. Nilikuwa nasoma moja ya namna hiyo darasani, kwa sauti, na nyuma kabisa alikaa mwanafunzi wetu aliyerudi, mkubwa kuliko wenzake kwa miaka miwili. Oktoba, joto la kuua, yeye amevaa sweta amelifunga vifungo vyote. Wenzake walidhani anaringa. Mimi nimenyonyesha watatu, nilielewa: ikifika saa nne maziwa yanachuruzika, na shati jeupe halifichi kitu.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo mtoto alibaki na nani?"

Nilirudi ukurasa wa 70. Nikaenda wa 71. Hakukuwa na kitu.

Nataka mwandishi anayejibu swali hilo, na yaliyo kabla yake: muuguzi aliyemuuliza binti "una mume?" siku alipofuata sindano ya uzazi wa mpango, akageuka nyumbani mikono mitupu. Nataka pia hadithi ambayo binti anaamua jambo nisilokubaliana nalo. Mimi ni Mkatoliki, kuna ushauri ambao mdomo wangu hauwezi kumpa mtoto wa mtu. Hata hivyo nisome namna alivyofika hapo, usiku ule, amelala katikati ya wadogo zake wawili na mmoja anamsukuma kwa goti. Niruhusiwe kumkatalia nikiwa nimeshamjua.

Vitabu viliporudishwa mwisho wa muhula nilikuta nakala ile imeandikwa kwa penseli, pale nafasi inapobaki tupu mwisho wa ukurasa wa 70. Tuna sheria kali kuhusu kuchafua vitabu, nami ndiye ninayetoza faini. "Na bibi. Uji ulikuwa kwenye chupa ya chai." Nilikirudisha kabatini.